Ndoo ya maji, kahawa ya Bukoba na mkanda wa picha

Kikaratasi kinachokuja na dawa ya kusafishia filamu kimeandikwa na mtu wa nchi ya baridi, na wala hakifichi. Mstari wa kwanza tu unakutaka uwe na dawa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa aliyeko Manchester, hilo ni jambo la kuchanganya maji ya moto na ya baridi kwenye jagi. Kwa aliyeko Temeke mwezi wa Februari, maji yanatoka kwenye simtanki lililoshinda juani yakiwa yanakaribia nyuzi 30, na barafu ya dukani inayeyuka kabla hajamaliza kusoma maelekezo.

Hapo ndipo wengi wanapoishia. Wapo vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa waliozitoa kabatini Yashica na Pentax za baba zao, wakaagiza filamu, wakapiga picha kwa hamu, kisha roli ikakaa kwenye droo ikimsubiri shangazi anayesafiri kwenda London. Studio za mtaani zilizokuwa zikisafisha mikanda leo zinachapa picha za simu na paspoti saizi. Anayetaka picha nyeusi na nyeupe za filamu, asafishe mwenyewe.

Na anaweza. Kazi hii haihitaji maabara wala kiyoyozi. Inahitaji giza la dakika chache, ndoo moja, saa, na mtu asiye na haraka. Joto la Pwani ni tatizo kweli, lakini si tatizo lile tunaloambiwa.

Joto lenyewe halina kosa

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jeletini, ile inayotengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe, na ndani ya jeletini hiyo zimetawanywa chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa kwa sehemu ndogo ya sekunde, hakuna jicho linaloweza kuona kilichobadilika. Dawa ya kusafishia ndiyo inayozitambua chembe zilizoguswa na kuzigeuza kuwa fedha halisi, na fedha iliyo katika chembe ndogo kiasi hicho huonekana nyeusi. Dawa ya pili, fiksa, inaziyeyusha zile ambazo hazikuguswa. Kinachobaki ni negativu: palipokuwa na jua pamekuwa peusi, palipokuwa na kivuli panapitisha mwanga.

Linachofanya joto ni kuiharakisha dawa ya kwanza. Basi. Kwa makadirio ya wasafishaji, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda kwa takriban asilimia 10. Chukua filamu ya Ilford HP5 Plus na dawa ya ID-11 iliyozimuliwa kwa maji, nusu kwa nusu. Kwenye nyuzi 20 inataka dakika 13. Kwenye nyuzi 27 inataka kama dakika sita na nusu. Hiyo ni hesabu, si balaa. Hatari inakuja pale unapoitumia dawa hiyo hiyo bila kuizimua, maana dakika zake saba na nusu za Ulaya zitashuka hapa hadi chini ya nne. Muda ukiwa chini ya dakika tano, dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, na anga kwenye picha hutoka na mabaka. Kwa hiyo mtu wa Pwani huzimua.

Hofu nyingine ni kwamba jeletini itavimba na kuchubuka kwenye maji ya moto. Enzi za babu zetu hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kodak walikuwa na dawa maalumu ya nchi za joto, ikiitwa DK-15, iliyotiwa sodiamu salfeti ili jeletini isinywe maji kupita kiasi. Lakini filamu za leo hukazwa kiwandani, na anayebisha na ajiulize filamu za rangi zinasafishwaje: utaratibu wa C-41, unaotumika dunia nzima, unataka dawa yenye nyuzi karibu 38. Jeletini ya filamu ya rangi haiyeyuki huko, na ya nyeusi na nyeupe haitayeyuka Temeke.

Kinachoiumiza ni kushtuliwa. Ukiitoa kwenye dawa uliyoipoza kwa barafu hadi nyuzi 18, ukaiosha kwa maji ya bomba ya nyuzi 30, jeletini inaweza kujikunyata na chembe zikakusanyana vibaya. Na hilo ndilo kosa la wapenda barafu: wanaipoza dawa ya kwanza peke yake, kwa sababu kikaratasi kimewaambia hivyo, kisha wanasahau zilizobaki.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuachana na nyuzi 20. Usiku, jaza maji ndoo ya lita 20, uiweke jikoni mbali na jiko. Tumbukiza ndani yake chupa ya dawa, chupa ya fiksa, jagi la siki ya kusimamishia dawa na dumu dogo la maji ya kuoshea. Asubuhi vyote vitakuwa na joto moja, 26 au 27 hivi, na vitabaki hivyo kwa muda wote wa kazi kwa sababu maji mengi hayabadiliki upesi. Pima, soma jedwali la muda, anza. Kipimajoto kiwe cha jikoni; kile cha homa kinaanzia nyuzi 35 na hapa hakifai kitu. Aliye na mtungi wa udongo ana bahati zaidi, maana maji yake hupoa yenyewe nyuzi kadhaa kadiri unyevu unavyokauka nje ya mtungi, hasa siku za upepo mkavu. Wa Njombe na Lushoto, mwezi wa Julai, nyinyi mtahitaji birika.

Kamera, jua na kiganja

Kuhusu kamera sina maneno mengi. Nunua isiyohitaji betri ili ifyatue: Pentax K1000, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1997, Nikon FM2 kama mfuko unaruhusu, au Zenit ya Kirusi ukiipata kwa bei ya kutupa. Shata za kamera hizi zinaendeshwa kwa springi, betri kama ipo ni ya kipima mwanga tu. Kabla ya kulipa, fungua mlango wa nyuma, fungua lenzi, uelekeze kwenye mwanga na uchungulie. Unyevu wa Pwani huotesha ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na ukungu ulioanza kula kioo hautoki kwa kufutwa. Gusa pia sponji nyeusi zinazoziba mwanga mlangoni. Zikikunata kidoleni, zimeoza; zikwangue, ubandike uzi mweusi wa kufumia, na kamera itaendelea kuishi.

Jua letu lina tabia zake. Kwenye mwanga mkali usio na wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na shata kwenye namba iliyo karibu na kasi ya filamu: filamu ya 400 inapigwa kwa 1/500. Chini ya mwembe, fungua hadi f/5.6. Lakini kanuni hiyo haikuokoi na jua la saa sita mchana, ambalo huku karibu na ikweta linasimama utosini na kugeuza macho ya watu kuwa mashimo mawili. Piga kabla ya saa nne asubuhi, au subiri saa kumi.

Kisha kuna suala la kanzu. Kipima mwanga cha kamera kinadhani kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye kanzu nyeupe ya bwana harusi, kitaifanya kijivu, na uso wake utazama gizani. Kielekeze kwenye uso wenyewe, kitajitahidi kuupausha. Wapiga picha za rangi waliteseka zaidi. Kwa miongo mingi kadi ya Kodak ya kulinganishia rangi, iliyojulikana kama Shirley, ilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, na vipimo vyote vilimfuata yeye. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe hakuna Shirley. Kuna uamuzi wako tu.

Uamuzi huo upitie kwenye kiganja. Kinyooshe pale pale penye mwanga unaompiga unayempiga picha, sogeza kamera mpaka kiganja kijae kwenye dirisha la kamera, pima, kisha fungua lenzi hatua moja zaidi ya ilivyokuambia. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, havipishani sana, na ndiyo maana mbinu hii haibagui. Ukiwa na shaka, zidisha mwanga badala ya kupunguza. Kivuli ambacho mwanga haukukigusa hakina chembe ya kusafishwa, na hakuna dawa itakayokifufua, ilhali HP5 huvumilia mwanga uliozidi kwa hatua moja au mbili bila kununa.

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya kusafisha mwenyewe. Ansel Adams, Mmarekani aliyetumia maisha yake akipiga milima, alifundisha kwamba mwanga upimwe kwa ajili ya vivuli, na muda wa kusafisha upangwe kwa ajili ya sehemu zenye mwanga mwingi. Maabara haiwezi kukufanyia hivyo. Inatumbukiza roli ya kila mteja kwa muda uleule. Wewe unajua kwamba roli hii ulipiga Bagamoyo ufukweni, mchanga mweupe, watu weusi, jua kali. Kwa hiyo ulizidisha mwanga kwa hatua moja, na sasa utapunguza muda wa dawa kwa kama asilimia 20. Nyuso zitakuwa na maumbile, na mchanga hautakuwa karatasi tupu.

Gizani, kwa vidole

Kazi ngumu kuliko zote haina uhusiano wowote na kemikali. Ni kuitoa filamu kwenye kikopo chake na kuizungusha kwenye rili, kigurudumu chenye mifereji, ndani ya giza totoro. Ile taa nyekundu ya kwenye sinema ni kwa ajili ya karatasi za kuchapia. Filamu za kawaida za leo huona rangi zote, nyekundu ikiwamo. Basi ni bafu lisilo na dirisha, usiku, blanketi limeziba chini ya mlango, simu imebaki nje. Umeme ukikatika mtaa mzima unageuka chumba cha giza, mpaka jirani awashe jenereta.

Kifungulio cha soda kinang'oa kifuniko cha kikopo. Filamu inajifungua mkononi kwa nguvu yake, na unaishika pembeni tu, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili. Kwa mkasi unakata ule ulimi mwembamba wa mwanzo, halafu unapunguza pembe mbili zisikwame. Mdomoni mwa rili kuna gololi mbili ndogo za chuma. Unazipapasa, unapitisha kichwa cha filamu chini yake, unavuta kidogo. Sasa mkono wa kulia unazungusha mbele, wa kushoto unashikilia, mbele na nyuma, krr, krr, na filamu yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu inaingia yenyewe.

Isipokuwa imekataa, na kwetu inakataa kwa sababu ya jasho. Unyevu kidogo tu kwenye rili ya plastiki hulainisha jeletini, nayo ikanata. Inasimama katikati. Ukiilazimisha, inakunjika, na kila kikunjo kinaacha alama ya hilali juu ya picha ambayo haifutiki. Rili ianikwe juani mchana kutwa. Oga, ujikaushe, nawa mikono kwa sabuni, kisha ndio uingie. Ile mifuko myeusi ya kuingiza mikono, inayouzwa kama mbadala wa chumba cha giza, mimi siipendi kwa hali ya hewa yetu: baada ya muda mfupi ndani yake ni mvuke mtupu. Rili ya chuma haijali unyevu, ingawa inachukua muda kuizoea. Na yeyote anayeanza atoe roli moja sadaka, aizungushe mchana akiitazama, kisha akiwa amefumba macho, mpaka vidole vijue njia.

Rili ikishaingia kwenye tangi lake lisilopitisha mwanga na kifuniko kikafungwa, washa taa. Kuanzia hapo ni mambo ya jikoni. Mimina dawa, kama mililita 300 kwa roli moja. Pindua tangi mara nne taratibu mwanzoni mwa kila dakika, kisha ligonge mezani ili mapovu yaachie. Muda ukiisha mwaga, weka siki nyeupe iliyozimuliwa, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, ikae nusu dakika kusimamisha kazi. Halafu fiksa. Kujua fiksa inataka muda gani, chukua ule ulimi uliokatwa, uutumbukize kwenye kikombe cha fiksa mwangani, hesabu sekunde mpaka uangaze, kisha zidisha mara mbili. Ulimi usipoangaza kabisa, fiksa imekufa, na umejua hilo kabla hujaharibu picha.

Kisha unafungua tangi. Filamu inatoka ikichuruzika, nzito kidogo, na kwenye mwanga wa dirisha visanduku vinafuatana: shati jeupe limekuwa jeusi, meno meusi, anga nyeusi, na mbuzi mweusi wa jirani anang'aa. Nimewaona watu wazima wenye simu za mamilioni wakinyamaza mbele ya utepe huo.

Duka la sabuni

Shida halisi ya huku ni upatikanaji. Zamani hospitali zilisafisha eksirei kwa dawa za majimaji, na fiksa yao ilikuwa ni jamii ileile ya thiosalfeti. Hospitali zilipohamia kwenye kompyuta, mlango huo ukaanza kufungwa. Filamu tunamwagiza anayesafiri. Kwa watumiaji wa kweli, bora alete mkebe wa futi 100, mita 30 na nusu, ambao unatoa roli kama 18 za picha 36 ukiwa na kifaa cha kujazia vikopo. Aombe mkebe ukaguliwe kwa mkono uwanja wa ndege, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi zinazotumia skani ya CT huiunguza filamu hata kwa kupita mara moja. Dawa aagizwe za unga, si za maji. Ni nyepesi na hazivuji. Ukishazikoroga, zihifadhi kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni, kwani hewa ndiyo inayoziua, na kwenye joto hufa upesi zaidi. Dawa ikipungua, dondoshea gololi za watoto mpaka ipande tena shingoni.

Lakini dawa ya kwanza unaweza kuitengeneza bila kumwagiza mtu. Mwaka 1995, katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester huko Marekani, darasa la kemia ya picha liligundua kwamba kahawa ya kukoroga ikichanganywa na soda ya kufulia inasafisha filamu. Baadaye wapenzi wa kazi hii wakaongeza vitamini C. Mchanganyiko huo unajulikana kwa jina la Caffenol. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu kafeini haina kazi yoyote humo. Zinazofanya kazi ni asidi za kahawa, ndugu wa mbali wa kemikali zilizomo kwenye dawa za kiwandani.

Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki, kwa lita moja ya maji: soda ashi kavu gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya kukoroga gramu 40. Koroga soda kwanza mpaka iyeyuke, kisha vitamini, mwisho kahawa, uiache povu litulie. Kwenye nyuzi 20 ni dakika 15; kwenye ndoo yetu ya nyuzi 27 ni saba hadi nane. Wazoefu husema kahawa ya bei rahisi ya robusta hushinda arabika ya kifahari, kwa sababu robusta ina asidi hizo kwa wingi zaidi. Hapo Tanzania hatuna cha kulalamika. Robusta ndiyo kahawa ya Kagera, na kahawa ya kukoroga ya kiwanda cha Bukoba ipo kila duka, kwenye kikopo au kwenye pakiti ndogo.

Soda ashi inapatikana Kariakoo, kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Muuzaji ataanza kwa kukuuliza, "Kaka, unatengeneza ya maji au ya mche?" Nilipomwambia mmoja kwamba ni ya kusafishia picha, alinitazama kidogo, akapima, akasema bei ni ileile. Hakikisha tu usipewe kostiki soda, inayofanana nayo kwa macho na kuunguza ngozi. Vitamini C iwe ya unga tupu. Vidonge vya kutafuna vya duka la dawa vimejaa sukari na rangi.

Na magadi? Yale ya kupikia maharage na makande yanatoka kwenye maziwa kama Magadi la Kenya na Natron letu, na ni mchanganyiko wa soda ashi na bikaboneti. Bikaboneti hiyo inaidhoofisha dawa. Ukiyakaanga makavu kwenye sufuria kwa moto mkali huku ukikoroga, bikaboneti hugeuka soda ashi, na kiwanda kilichoko Magadi hufanya jambo hilohilo kwenye matanuri makubwa. Yatakuwa bado na mchanga na chumvi ya mezani, kwa hiyo chuja mchanga kwa kitambaa na ujaribu kwanza kwa roli isiyo na harusi ya mtu.

Caffenol inanuka. Si harufu ya kahawa, ni ya kitu kilichosahaulika ndani ya buti la mvua. Inaacha pia rangi ya udhurungi kwenye filamu, isiyodhuru picha. Kwa kazi ya kulipwa ningetumia ID-11. Kwa kujifunza, na kwa fahari ya kusafisha picha kwa mazao ya nchi hii, kahawa inatosha.

Maji kidogo, taka kidogo

Wengi hudhani filamu lazima ioshwe chini ya bomba linalotiririka nusu saa. Kwa nyumba zinazonunua maji kwa dumu, hiyo ingekuwa dhambi. Ilford wenyewe wanapendekeza njia nyingine: jaza tangi, pindua mara tano, mwaga, jaza, pindua mara kumi, mwaga, jaza, pindua mara ishirini, mwaga. Imekwisha, na hujafikisha lita moja. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa ya chupa yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa sababu maji ya kisima cha chumvi huacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Anika bafuni kwa vibanio vya nguo, kimoja juu na kimoja chini kwa ajili ya uzito, mlango umefungwa, feni imezimwa. Vumbi likishika filamu mbichi halitoki tena.

Kahawa iliyotumika mwaga. Fiksa iliyotumika usimwage, hasa kama choo chenu kinaishia kwenye shimo, kwa kuwa imebeba madini ya fedha, sumu kwa viumbe wa majini na kwa vijidudu vinavyoozesha taka shimoni. Iweke kwenye dumu na stilwaya ya chuma cha kawaida, ile inayoshika kutu, uiache siku kadhaa. Chuma kinayeyuka kikichukua nafasi ya fedha, na fedha inatuama chini kama tope jeusi.

Waliotutangulia

Haya yote yangeonekana ni michezo ya watu wenye muda, kama si ukweli kwamba Pwani hii ilisafisha filamu kwenye joto hilihili kwa zaidi ya karne nzima. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930. Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipiga Waswahili, Wahindi na Waarabu kuanzia miaka ya 1940, wakija wamevaa nguo zao za Iddi na kuchagua wenyewe wakae vipi. Lamu, Omar Said Bakor alichanganya picha mbili tatu kuwa moja kwa mkono, kabla ya kompyuta. Dar es Salaam, mwaka 1963, kijana Mohamed Amin alianzisha Camerapix, ambayo baadaye ingepeleka picha za Afrika Mashariki kwenye magazeti ya dunia.

Na negativu zina ustahimilivu ambao simu zetu hazina. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepigia picha majarida ya Time na Life, aliuawa kwa risasi katika vita vya Biafra Oktoba 1968. Maelfu ya picha zake yalikaa miongo kadhaa ndani ya gereji Nairobi mpaka ndugu yake akayafungua. Yalisomeka. Hayakuhitaji nywila, chaja wala programu iliyokwishafutwa, yalihitaji mwanga nyuma yake. Picha za simu ulizopiga mwaka 2012 ziko wapi?

Studio nyingi zilimpa mteja picha, zenyewe zikabaki na negativu. Zilipofungwa, makasha yakabaki kwa warithi ambao hawajui wayafanyie nini. Mengine yamo vyumbani mwetu, kwenye makopo ya biskuti na bahasha zenye majina ya studio ambazo hazipo tena.

Kama lipo kopo moja kwenu, usilichome wala usizioshe negativu zake. Shika negativu kwenye kingo zake, iweke mbele ya skrini nyeupe ya simu moja bila kuigusisha, ipige kwa simu nyingine, kisha geuza nyeusi iwe nyeupe. Programu za bure zinafanya hivyo. Zinazonuka siki zitenge haraka, kwa sababu plastiki yake imeanza kuoza na mvuke wake unaozesha zilizo jirani, tena joto na unyevu vinaharakisha. Zilizobaki ziweke kwenye bahasha za karatasi, mbali na ukuta wenye unyevu, na juu ya kila bahasha andika kwa penseli nani ni nani, wapi, mwaka gani. Anza na majina, wakati bibi yupo wa kukutajia.